Mjadala: Je, Shahada ya Biolojia Inalipa Deni Lake?

Kila mwaka, ikifika mwezi wa saba, mambo mawili hukutana Bariadi. Pamba iko kwenye maghala ya vyama vya msingi ikipimwa na kuuzwa, na matokeo ya kidato cha sita yametoka au yanasubiriwa. Nyumba iliyovuna pamba mara nyingi ndiyo hiyo hiyo yenye kijana aliyefaulu, na dirisha la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu liko wazi kwa wiki chache tu. Uamuzi utakaomfuata mtu kwa miaka kumi unafanyika kwa haraka steshenari, kijana ameshika cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na wakala wa usajili, RITA, mzazi anasubiri kuonyeshwa mahali pa kusaini.

Hoja ya mjadala huu ni moja: mtoto wa mkulima wa Simiyu akope ili akasome shahada ya biolojia, au asikope? Nimewapa nafasi watu wanne: mama mkulima anayeitwa Mayu, binti yake aliyemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), mwalimu wa sekondari, na mhitimu wa biolojia ambaye hajapata ajira. Watu hawa nimewatunga kutokana na yale yanayosemwa mkoani. Sheria na viwango wanavyovitaja ni vya kweli, na pale wanapopiga hesabu ya mfano wanasema ni mfano.

Sahihi ya mdhamini

MAYU: Niacheni nianze mimi, maana sahihi inayotakiwa kwenye hiyo fomu ni yangu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Nimelima pamba tangu Bariadi iko mkoa wa Shinyanga, kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012. Deni nalijua. Dawa ya kunyunyizia unachukua leo, unakatwa siku ya mauzo. Mvua ikikatika, deni halikatiki. Serikali ilipofuta ada ya kidato cha tano na sita mwaka 2022 nilishukuru, nikajua nimepumzika. Sasa naambiwa mwanangu akope mamilioni akasomee wadudu na majani! Mwenzake alikwenda uuguzi, leo anavaa sare. Huyu akirudi atavaa nini?

BINTI: Mayu, alama zangu hazitoshi kushindania nafasi za udaktari, hilo nimelikubali. Lakini biolojia naiweza na naipenda. Funza anayetoboa vitumba vyetu kila msimu, dawa yake haikuokotwa njiani. Mbegu ya UKM08 unayopanda ilitoka kwa watafiti wa Ukiriguru, kule Misungwi. Wale walianza kwa kusoma hayo majani unayoyasema. Mkoa wetu unaongoza kwa pamba, tunapakana na Serengeti, Busega wana ziwa na samaki. Kama biolojia haina kazi Simiyu, itakuwa na kazi wapi?

MHITIMU: Mdogo wangu, kazi ipo, ajira ndiyo haipo. Tofautisha hayo mapema. Tembo wanatoka hifadhini wanakula mahindi ya watu Meatu na Itilima. Hiyo ni kazi ya biolojia. Nani atakulipa mshahara kwa kuifanya? Mimi nina shahada ya sayansi katika biolojia, haina ualimu ndani yake. Nikifungua tovuti ya Sekretarieti ya Ajira nakuta wanatafuta mteknolojia wa maabara, ofisa wanyamapori, ofisa kilimo, mwalimu. Sijakuta tangazo linalomtafuta mwanabiolojia. Maabara ya hospitali inataka mtu aliyesajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, na baraza hilo husajili waliosomea maabara za afya, halisajili mtu kwa kuwa anajua kutumia hadubini. Wanyamapori wanawataka waliosomea wanyamapori, wa Chuo cha Mweka au wa Chuo Kikuu cha Sokoine. Ualimu nao unanidai kwanza stashahada ya uzamili ya elimu, mwaka mwingine darasani na ada nyingine. Shahada yangu nzuri, ila haikushikamana na mlango wowote.

Hati ya mshahara mezani

MWALIMU: Mama, kijana amesema kweli, lakini tusimwogopeshe binti kwa deni ambalo hatujalihesabu. Mimi nilisomeshwa na Bodi na nimefundisha biolojia kwa mshahara unaokatwa. Tupige mfano. Chukua mwalimu mwenye shahada, mshahara wa msingi tuuweke 800,000, namba nyepesi kwa hesabu. Mfuko wa pensheni wa PSSSF unachukua asilimia 5, ni 40,000. Inabaki 760,000, na hiyo ndiyo inayotozwa kodi; kodi yake inakuja 68,000. Bima ya afya asilimia 3, ni 24,000. Chama cha Walimu asilimia 2, ni 16,000. Mkopo wa elimu ya juu asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ni 120,000. Jumla ya makato ni 268,000. Mkononi anapata 532,000.

MAYU: Hizo laki moja na ishirini ni za kila mwezi?

MWALIMU: Kila mwezi, mpaka deni liishe.

MAYU: Kilo ya pamba ikienda kwa 1,150, hizo ni kilo mia na zaidi kidogo. Shamba langu ekari ikitoa kilo 250 namshukuru Mungu. Kwa hiyo kila mwezi Bodi inavuna karibu nusu ekari kwenye mshahara wa mwanangu.

MWALIMU: Hesabu yako sahihi kabisa, Mama. Lakini endelea nayo. Kwenye shamba umeweka mbegu, dawa, jembe na miezi sita ya jua. Huyu kwenye mshahara baada ya nusu ekari ya Bodi anabaki na zaidi ya nusu milioni, mwezi wenye mvua na mwezi wa kiangazi. Na deni lenyewe lina mwisho. Tuseme amekopeshwa milioni 12 kwa miaka mitatu: ada, vitabu, na pesa ya kujikimu ambayo sasa ni shilingi 10,000 kwa siku, ile wanayoiita bumu. Milioni 12 ukizigawa kwa 120,000 ni miezi 100. Miaka minane na miezi minne. Mshahara ukipanda, anamaliza mapema zaidi.

BINTI: Mbona kaka yangu mmoja aliyemaliza zamani anasema alilipa miaka na deni likawa lile lile?

MWALIMU: Hakudanganyi. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 ilipandisha makato kutoka asilimia 8 hadi 15. Wakati huo ilikuwepo pia tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka, na adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa. Weka tozo hiyo kwenye milioni 12: ni 720,000 kwa mwaka, yaani 60,000 kwa mwezi. Nusu ya makato ya 120,000 ingemezwa na tozo kabla deni halijaguswa. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliifuta tozo hiyo, na adhabu ikafutwa pia. Wenzetu Kenya, bodi yao ya HELB inawatoza wanafunzi riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Kwa hiyo mkopo huu unaouogopa, Mama, leo hauzai. Benki gani Bariadi itakukopesha hivyo?

Asiye na mshahara je?

MHITIMU: Mwalimu, umeanzia mahali pazuri mno. Umemweka binti kwenye mshahara wa 800,000 kana kwamba ameukuta mlangoni. Mapema mwaka 2025 walimu waliitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira. Nafasi hazikufika 15,000, walioomba walizidi laki mbili. Kwa nafasi moja, watu zaidi ya kumi na watatu. Anza hesabu hapo. Kabla ya mwezi wa kwanza wa mshahara kuna miezi ya kusubiri, na hiyo hakuna anayeihesabu. Mtu anajitolea kufundisha, anapewa posho ndogo inayochangwa na wazazi. Jioni anafundisha twisheni. Nyumbani wanamtazama kama msomi, kwa hiyo hata jembe akilishika watu wanasikitika.

MWALIMU: Lakini asiye na mshahara hakatwi.

MHITIMU: Hakatwi, ila anadaiwa. Baada ya kumaliza chuo unapewa miezi 24, kisha unatakiwa kuanza kurejesha. Aliyejiajiri anatakiwa alipe angalau 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi. Mwenye duka kubwa la pembejeo sawa. Mwenye twisheni ya watoto wanane ataitoa wapi laki moja kila mwezi? Asipolipa anaitwa mdaiwa sugu, jina lake linapelekwa kwenye taasisi za taarifa za wakopaji, na akitaka mtaji wa kujiajiri kwelikweli, benki inamkataa kwa sababu ya deni la shule.

MAYU: Na mimi niliyesaini? Watakuja kuchukua ng'ombe?

MWALIMU: Ng'ombe hujawaweka rehani, Mama. Lakini sahihi ya mdhamini si pambo. Bodi ikimtafuta mwanao isimpate, itakutafuta wewe. Kwa hiyo hakikisha umesomewa maneno yote ya fomu kabla hujaandika jina, hata kama foleni steshenari ni ndefu. Na kaka, kwenye hilo la laki moja nakubali: kiwango hicho kinambana asiye na kitu. Ila nikuulize. Kungekuwa hakuna mkopo, wewe ungefika chuoni?

MHITIMU: Nisingefika. Baba angeuza ng'ombe wa mwaka wa kwanza, mwaka wa pili ningerudi. Ndiyo maana sisemi mkopo ufutwe. Sheria iliyoiunda Bodi ni ya mwaka 2004, ikaanza kazi 2005, na tangu hapo watoto wa wakulima wengi wamevuka kwa daraja hilo. Fedha nitakayorejesha itamkopesha anayenifuata, na hilo naliona ni haki. Dawa ya deni ni kulipa. Malalamiko yangu ni kwamba hakuna aliyeniambia, nikiwa na umri wa huyu, kozi ninayoijaza inaishia wapi.

Kozi ipi, mlango upi

MAYU: Basi tuseme wazi. Kwa nini asichukue stashahada? Nimesikia na wao wanakopeshwa siku hizi.

MWALIMU: Ni kweli, Bodi ilianza kuwakopesha wa stashahada mwaka wa masomo 2023/24, kwa fani za kipaumbele, afya ikiwemo. Tabibu au muuguzi wa stashahada anasoma miaka mitatu, anatoka na taaluma yenye usajili. Kwa binti mwenye PCB hiyo ni njia ya heshima, na anayeiona ya chini anakosea. Lakini msidhani huko hakuna foleni. Vyuo vya afya vimeongezeka na wahitimu wanasubiri pia.

BINTI: Mwalimu, mimi sikukimbia uuguzi. Nimejiuliza tu ninachoweza kukifanya miaka thelathini bila kuchoka. Nataka kufundisha. Nilipokuwa kidato cha tatu hatukuwa na mwalimu wa fizikia mwaka mzima. Tulikuwa tunanakili daftari la waliotutangulia. Mkoa huu ulipata sifa kwa kambi za kitaaluma, wakati Anthony Mtaka akiwa mkuu wa mkoa, wanafunzi wakikusanywa na kufundishwa usiku na mchana. Kambi bila mwalimu ni bweni tu.

MHITIMU: Hapo umegusa penyewe. Fizikia ulipata nini?

BINTI: D. Kemia C, Biolojia B.

MHITIMU: Zote ni za kufaulu ngazi ya chuo. Basi usijaze shahada ya biolojia tupu kama mimi. Jaza shahada ya sayansi yenye ualimu, na somo la pili lichague kwa akili. Walimu wa Biolojia na Jiografia wako wengi. Wa Fizikia na Hisabati wanatafutwa kwa tochi. Pale chuo kinapokuruhusu kuunganisha Biolojia na Fizikia, unganisha. Kinapokulazimisha Biolojia na Kemia, chukua hiyo, ujue foleni yake ni ndefu zaidi.

BINTI: Na nikisubiri ajira miaka miwili?

MWALIMU: Andika kabisa kwenye daftari kwamba utasubiri. Shule binafsi zitakuchukua kwa mshahara mdogo; kubali, makato yataanza na deni litapungua. Na siku ukipata ajira ya serikali, jihadhari na jambo ambalo halitajwi. Nimeona walimu wakilaumu Bodi kwa asilimia 15 wakati waliowamaliza ni mikopo ya benki na ya mitaani, waliyochukua mwezi wa tatu kazini kununua pikipiki au kufanya harusi. Sheria inataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi ya mshahara. Theluthi ya 800,000 ni kama 267,000. Mtu anaishi hapo miaka mitano, halafu anasema shahada haina faida.

MAYU: Hayo ya pikipiki nimeyaona kwa macho yangu. Mimi sina neno na mtoto kusoma. Nilichotaka ni mtu aniwekee hesabu mezani kama tunavyoweka pamba kwenye mizani, nione kilo na mimi. Kama ni ualimu, na kama somo la pili lina uhitaji, na kama atakuwa tayari kushika jembe na twisheni wakati anasubiri, nitasaini. Kama ni hiyo shahada isiyo na mlango, mkono wangu hautoki.

Uamuzi wa mwandishi

Nimewasikiliza wote wanne na nasimama na Mayu, kwa masharti yake.

Kwanza, mkopo wenyewe. Tangu mwaka 2021 mkopo wa Bodi ni mkopo mwema. Haupandi, unakatwa kwa kiwango cha mshahara, na unamfikisha chuoni mtoto ambaye asingefika. Anayemzuia mwanawe kwa hofu ya tozo ya asilimia 6 anaogopa sheria ambayo haipo tena. Na aliyefaulu juu kabisa masomo ya sayansi aangalie kwanza ufadhili wa Samia ulioanza mwaka 2022/23, maana huo haurejeshwi.

Pili, shahada. Biolojia iliyofungwa na taaluma, iwe ualimu, maabara za afya, wanyamapori au kilimo, inaweza kulipa deni lake na kubakiza. Biolojia tupu, kwa mtoto ambaye nyumbani hakuna akiba ya kumsomesha mwaka mwingine wa ziada, ni mzigo asiostahili kubebeshwa. Haipungui thamani kama elimu. Tatizo ni kwamba elimu hiyo inahitaji hatua ya pili, stashahada ya uzamili au shahada ya uzamili, na mkopo wa kwanza haujaipangia fedha. Mwenye uwezo wa kuifikia hatua hiyo aende. Asiye nao achague kozi yenye mlango tangu siku ya kujaza.

Tatu, serikali ina deni lake. Mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu humwambia mwombaji sifa za kuingilia na miaka ya masomo. Haumwambii wahitimu wa kozi hiyo wako wapi na wanalipwa nini. Fedha ya umma inayokopeshwa kwa kozi fulani inatosha kuwa sababu ya kila chuo kulazimishwa kuchapisha taarifa hiyo, ili binti wa Itilima aisome kabla ya kubofya. Na kiwango cha 100,000 kwa aliyejiajiri kiondolewe, ibaki asilimia ya kipato halisi. Mwalimu aliyeajiriwa analipa kwa asilimia. Mwenzake anayefundisha twisheni huku akingoja usaili hana sababu ya kubebeshwa sharti gumu kuliko la mwenye mshahara.

Kwenu wazazi wa Simiyu mnaouza pamba huku mkisubiri kusaini fomu: kabla ya kuandika jina, mwulizeni mwanenu maswali matatu. Kozi hii inasajiliwa na baraza au bodi gani? Kazi yake inaandikwaje kwenye tangazo la ajira? Utaishije miaka miwili ya kusubiri? Akijibu yote matatu, sainini kwa moyo mweupe. Akikwama hata kwenye moja, dirisha la mkopo bado liko wazi kwa siku kadhaa. Rudini nyumbani, muiteni mwalimu na mhitimu mmoja wa jirani, mkae nao mpaka majibu yapatikane.